Udi wa Alkhamisi kwenye vijioo vya Rahma

Mpaka sasa mlango wa lifti ukifunguka nageuka, nadhani ni Rahma. Tumemzika jana baada ya Alasiri. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun.

Wengi hapa mnamjua kwa jina la Daktari. Mie nnamjua kwa chai ya zaatari, sukari kidogo. Yeye mkemia, mie farrasha wa maabara yao kule viwandani Rusayl, nafagia na kupika chai. Lakini akiniita shoga mbele ya mabosi.

Idi moja mwanawe alipakwa piko, ile hina nyeusi, mikono ikavimba na kutoka malengelenge. Tangu hapo Rahma akawa na kazi moja tu: kipimo cha kuikamata ile sumu ya rangi ya nywele inayotiwa ndani ya piko, hata ikiwa chembe.

Siku moja alinionesha kijioo. "Juu yake pana punje za fedha, ndogo hata jicho halioni. Natia tone la piko, napiga leza. Kila kitu hurudisha nuru yake, lakini dhaifu. Fedha inaipaza, kama spika ya msikiti."

"Kwa hiyo sumu inaadhini?"

Alicheka mpaka akakohoa.

Kikohozi kile kikaja kuwa kansa. Akaniambia, "Zuwena, naomba kimoja tu, project hii iishe nikiwa hai."

Nikafanya ninachokijua. Kila Alkhamisi watu wa maabara wakishatoka nawasha chetezo, nafukiza udi chumba chote, makoti, hata kabati la vijioo, huku namwombea shifaa, apone. Harufu haikumshitua mtu. Maskati nani hanuki udi?

Result zikaharibika. Wiki baada ya wiki.

"Kuna wageni washakaa juu ya fedha," akasema, "piko haipati nafasi. Moshi wa kitu huu. Nani kafukiza humu?"

Wallahi nilitazama vikombe.

"Basi ni AC, inavuta moshi wa viwandani," akajijibu mwenyewe. Wakaja mafundi. Mie ndo niliyewamiminia chai.

Nikaacha kufukiza. Vijioo vipya vikatoka safi, naye akawapigia mafundi simu kuwashukuru! Lakini miezi miwili ilishakwenda, na yeye hakuwa na miezi miwili ya kupoteza.

Sampuli zake za mwisho zimo kabatini, hazijapimwa.

Jana tulipomaliza kumuosha, dada yake akanipa chetezo. "Fukiza sanda, Zuwena. Wewe ndo unaujua udi."

Kaa la moto likanianguka. Wakadhani ni majonzi.

Rahma, haikuwa AC. Ni mie. Nilikuwa nakuombea, kisha kuogopa kufukuzwa kazi kukanifunga mdomo. Mwanao nimemwambia leo asubuhi. Kalia, kaondoka. Ana haki.

Mnaosoma, mwombeeni Rahma kwanza.

Lala kwa raha, shoga yangu. Siku tutakayokusanywa, niulize tena nani kafukiza. Sitatazama vikombe.