Nivi, Barafu na Jina Langu

Harufu ya samaki ndiyo iliyomtangulia Nivi kwenye ngazi za jengo letu, Nechells, mjini Birmingham. Baba yake alifanya kazi katika ghala la samaki, na koti lake lilinuka hadi mlangoni petu, likaharibu harufu ya chai ya Mama ya tangawizi. Walitoka Greenland. Huko baba huyo alikuwa mwindaji wa sili, wale wanyama wa baharini, akisafiri kwa sleji ya kuvutwa na mbwa juu ya bahari iliyoganda, hadi barafu ilipoanza kuchelewa na kuwa nyembamba. Mbwa hula, mawindo yawepo yasiwepo. Akawauza wote, akafunga virago. Nilikuwa na miaka minane na sikumhurumia hata kidogo, maana binti yake alikuja kuninyang'anya mama.

Kwetu Nyeri mtoto hurithi jina la nyanya au babu, na mzazi humwita kwa heshima hiyo. Mimi ni Nyambura, kama nyanya mzaa mama, kwa hiyo mama yangu aliniita Mama. Nilidhani Birmingham nzima ni mimi peke yangu niitwaye hivyo na mzazi. Siku aliposikia yule mwindaji akimwita Nivi "Baba" kwa lugha yao, kwa kuwa amebeba jina la babu yake, maana kwao jina halichagui msichana wala mvulana, Mama alipiga makofi. "Kumbe hawa ni watu wetu!" Tangu hapo Nivi alishinda kwetu akimngoja baba yake, akasukwa nywele, akapewa paja la kuku lililokuwa langu. Mgeni njoo, mwenyeji apone, husema watu. Mwenyeji mimi niliugua.

Asubuhi moja theluji ilianguka. Watoto wote walimzunguka Nivi awafundishe kuteleza juu ya sinia, tena sinia letu. Nikapaza sauti, "Kama barafu yenu ni tamu hivyo, si mrudi kwenu?" Akanijibu polepole kwamba barafu ilipasuka chini ya babu yake, akazama, katika mwezi ambao zamani ingebeba sleji kumi, na yeye akazaliwa baadaye. Mama alisikia dirishani. Hakunichapa. Wiki nzima aliniita Nyambura, kama aniitavyo mwalimu, huku Nivi akimwita Baba, kama afanyavyo mzazi wake. Wivu ni kidonda, ukishiriki utakonda, nilikonda kweli. Siku ya nane nilimpelekea Nivi lile paja kwa mkono wangu, na jioni nikaitwa tena Mama.

Sasa Mama amelala kaburini Nyeri, nami nina wavulana watupu, hakuna wa kurithi jina lake. Nivi alirudi kwao akaolewa. Mumewe huvua kwa mashua pale sleji zilipopita, mabanda ya mbwa yamebaki matupu, na majirani wanahama mmoja mmoja kufuata kazi mjini. Juzi nikingoja basi Small Heath, huku huku Birmingham, Nivi alinipigia simu ya video, akanionyesha bahari nyeusi isiyo na barafu, kisha kitoto kichanga. Kwao mtoto hupewa jina la aliyefariki karibuni.

"Anaitwa Wambui," akasema kwa Kiswahili cha jikoni kwetu. "Mimi namwita Mama."

Wambui ni jina la mama yangu. Wivu ukanipanda upya, mtu mzima mimi. Yeye hana barafu ya kumwonyesha mtoto, lakini ana mama yangu mikononi. Basi likaja, likanipita nikimtazama mtoto.

"Nivi," nikamwambia, "akianza kusema, mfundishe aniite Mama, kama alivyokuwa akiniita."