Nusu ya Chini ya Ubao

Mwaka mzima nimeandika nusu ya chini tu ya ubao, maana nikiinua mkono bega linawaka moto. Hapa Laare mke wangu alilichua, walimu wenzangu wakaniletea dawa za kupaka, kanisani wakaliwekea mikono. Bega, bega, bega!

Juzi daktari wa viungo alisimama nyuma yangu, akaukandamiza kwa kiganja ule mfupa bapa wa mgongoni.

"Huu hausogei pamoja na mkono, mwalimu. Hebu inua."

Mkono ukapanda mpaka juu, bila maumivu. Alipoondoa kiganja, moto ukarudi. Eti nisukume ukuta kila asubuhi, misuli inayoushika mfupa huo ipate nguvu, miezi kadhaa. Miezi!

Leo nimeusukuma ukuta wa darasa, wanafunzi wakicheka, kisha nikaandika tarehe palepale chini.