Mstari wa Timu

Juzi nilifungua mfuko wa viazi jikoni kwangu, hapa Nakuru ninakoishi, nikakuta kimoja kimeoza chini kabisa. Mnajua vile kiazi kilichooza hunuka, sina haja ya kuwaeleza. Harufu ile huingia puani ikakaa nyuma ya koo mpaka jioni. Watoto walikimbia wakiziba pua. Mimi nilibaki nimesimama na kile kiazi mkononi, maji yake yakinichuruzika vidoleni, nikajikuta nalia. Binti yangu akaniuliza kama nimejikata. Nikamwambia sijajikata, aende akacheze. Ningemwambia nini? Kwamba nalia kwa sababu ya mpira?

Basi nitawaambia ninyi, na msinicheke.

Kwetu ni Kibirichia, upande wa juu wa Meru, ambako asubuhi meno huanza kugongana kabla hujamsalimu mtu. Viazi huko tunaviita waru, na waru ndiyo chakula, ndiyo karo, ndiyo harusi. Miaka hiyo ya tisini tulikuwa na timu ya kandanda. Ilikuwa na jina refu la usajili ambalo hata kepteni alikuwa akilikosea, lakini sisi tuliiita Timu tu, na kila mtu alijua ni timu gani. Watu wa Embu na Meru mjini walituita watu wa viazi. Walitaka kututukana, lakini walisema kweli, maana Timu ililishwa na waru.

Mambo yalikuwa hivi. Kila shabiki alitenga mstari mmoja shambani mwake, ule wa kwanza kando ya njia, ukawa wa Timu. Ulipandwa pamoja na mingine na kupaliliwa na mikono ile ile, lakini haukuwa wetu. Wakati wa kuvuna, lori la mwenyekiti lilipita nyumba kwa nyumba kukusanya magunia. Mwenyekiti mwenyewe alikuwa Mzee M'Ikiara, mfanyabiashara aliyepeleka waru Nairobi. Waru ya Timu ikiuzwa, ndipo zilipopatikana nauli, mipira, viatu na soda za wachezaji. Sheria ilikuwa moja, na sikuwahi kusikia aliyeivunja: waru ya mstari ule haiingii jikoni kwa mtu. Mtoto akichomoa hata kiazi kimoja akachome, alichapwa na mtu mzima yeyote aliyemwona, na akifika kwao anaongezwa.

Baba yangu alikuwa mtu mkimya. Angekamua ng'ombe, anywe chai, alime hadi jua litue, na usimsikie akisema neno lisilo la kazi. Lakini Jumapili baada ya kanisa alichukua mtungi wake wa plastiki, ule wa manjano wa mafuta ya kupikia, pamoja na vijiti viwili, akanishika mkono tukaenda uwanjani. Huko baba alikuwa mtu mwingine kabisa! Aliupiga ule mtungi mpaka jasho likamtoka kwenye baridi ile, akaimba kwa sauti ambayo kwaya ya kanisa haikuwahi kuisikia, akamwambia refa mambo kwa Kimeru cha ndani ambayo nilikatazwa kuyarudia nyumbani. Tukifunga goli alinirusha juu. Sikumbuki akinirusha juu siku nyingine yoyote.

Mama hakuwahi kukanyaga uwanja huo. Kila msimu wa kupanda, baba akichagua mbegu nzuri nzuri za mstari wa Timu, mama alinung'unika: "Wanaume wa kukimbia wanapewa mbegu safi, watoto wangu wanapewa hii imekunjamana." Nikamhesabu kuwa adui wa Timu. Hata hivyo ni yeye aliyeshona mdomo wa lile gunia kila mwaka, kwa uzi mwekundu wa sweta kuukuu, mishono midogo ya kupendeza. Na tukirudi Jumapili jioni alijua matokeo kabla hatujafungua mlango. Mlio wa mtungi ulifika jikoni kwake, na goli letu lilikuwa na mlio wake. Mimi nilidhani mama ana uchawi kidogo.

Kisha ukaja mwaka mbaya. Biashara ya Mzee M'Ikiara ilianguka, na lori lake likachukuliwa na waliomdai. Bila lori hakukuwa na safari, na bila safari wachezaji walianza kuondoka. Kinoti, mshambuliaji wetu wa mguu wa kushoto ambaye watoto wote tulitaka kuwa yeye au kuolewa naye, alienda Isiolo kubeba mizigo. Golikipa akaenda Kibugu kwa shangazi yake, kuchuma majani chai. Golini akasimama mwalimu wetu wa hesabu, na miwani yake. Tulifungwa, jamani, tulifungwa mpaka baba akachoka kumlaumu refa. Lakini watu hawakuacha kuja. Walisimama kwenye ukungu wamejifunika mablanketi, wakipiga makofi kila mwalimu alipougusa mpira hata kwa bahati.

Halafu chama cha soka kikatoa onyo. Tulikuwa tumekosa mechi nyingi za ugenini. Tukikosa moja tena, tunafutwa. Na iliyofuata ilikuwa ya Embu. Hatukuhitaji kushinda, tulihitaji kufika tu.

Siku onyo lilipotufikia, Mzee M'Ikiara alisimama kando ya goli, kofia mkononi. "Watu wangu," akasema, "mimi sina kitu. Lori imeenda. Kama Timu bado iko, iko kwa mashamba yenu." Wakakubaliana hapo hapo kuchimba mistari kabla ya wakati, na yeye akaahidi kutafuta lori la mtu wa Meru mjini lije kubeba waru na wachezaji. Baba aliupiga mtungi. Mimi niliruka ruka. Woi, nilifurahi!

Sikujua hesabu ambayo mama alikuwa akiipiga nyumbani. Msimu huo mvua haikupumzika, na ule ugonjwa unaofanya majani ya waru kuwa meusi ulikuwa umeshuka shamba hadi shamba. Baba alikuwa na dawa kidogo ya kunyunyizia, mabaki ya mwaka uliotangulia. Alikuwa amefunga pampu mgongoni akaanza na mstari wa kando ya njia, kwa sababu ndio wa kwanza, na kwa sababu ni wa Timu. Dawa ikaishia hapo. Alitumaini kupata nyingine kesho yake, na kesho yake dukani hakukuwa na kitu. Shamba letu lote likawa jeusi, likateleza na kunuka. Mstari mmoja tu ulibaki kijani, na kila aliyepita njiani aliusifu.

Baba alipochukua jembe la kuchimbia, mama alisimama mbele ya mstari ule, mdogo wangu Mutwiri akiwa mgongoni.

"Baba Kendi, hii ndiyo chakula tuko nayo."

"Hiyo ni ya Timu."

"Na hawa ni wa nani?" Akanionyesha mimi, kisha akageuza mgongo ili baba amwone mtoto.

Baba alisubiri mpaka mama akaondoka, akachimba. Mimi nilimfuata nyuma nikiokota, nikiimba, kwa sababu tulikuwa tunaokoa Timu. Mama hakutoka nyumbani, kwa hivyo baba alilishona gunia mwenyewe, mishono mikubwa iliyokwenda kombo.

Magunia yalirundikwa uwanjani, na lori halikuja. Barabara ya kushuka ilikuwa tope tupu. Mzee M'Ikiara alituma ujumbe mjini, akaenda mwenyewe kwa miguu, akarudi na ahadi, akaenda tena. Mvua ikazidi kunyesha juu ya magunia.

Siku ya mechi, watu waliteremka kwa miguu hadi Kiirua, kwenye barabara ya lami, wakitumaini gari lolote litawahurumia. Wachezaji walikuwa wamekwisha kuvaa viatu. Mwalimu alikuwa na glavu zake, na miwani ameifunga kwa kamba kisogoni. Tuliyapungia mkono malori ya mchanga, magari ya ng'ombe, kila kitu chenye magurudumu. Yakapita. Ilipofika saa ya mpira kuanza, baba aliuweka mtungi chini akaukalia. Mzee mmoja akatazama jua, akasema polepole, "Sasa huko wamepanga mstari. Wanatungoja." Tulikaa hapo kwa muda wa mechi nzima, na mapumziko yake, ndipo tukaanza kupanda mlima kurudi.

Habari za kufutwa zilifika katikati ya wiki. Mtu angefikiri kila mmoja angeenda kuchukua gunia lake. Hakuna! Timu ilikuwa imekufa lakini sheria ilikuwa hai. Wanaume waliendelea kuyalinda magunia yale kwa zamu, wamekaa chini ya karatasi za nailoni, na ukiwauliza wanayalinda kwa ajili ya nani wanaangalia pembeni. Nafikiri waliogopa. Yule ambaye angefungua gunia la kwanza ndiye angekuwa ameizika Timu, na hakuna mwanaume aliyetaka kuitwa huyo.

Nyumbani tulikula majani ya kabichi yaliyochemshwa, na uji mwepesi usioshika kijiko. Mutwiri alinyonya akakosa, akalia mpaka sauti ikakauka akawa anafungua mdomo tu. Harufu ikaanza kupanda kutoka uwanjani, ile ile ya juzi jikoni kwangu. Tulilala njaa tukinusa chakula chetu kikioza. Baba aliondoka kila asubuhi na mtungi wake kwenda kulinda. Hakuupiga. Aliukalia tu.

Basi siku moja, mchana kweupe, mama alijifunga kitambaa chake cha kanisani, akamfunga Mutwiri mgongoni, akachukua kiondo, kikapu chake cha kusuka, akaniambia, "Twende."

Wanaume walimwona akija wakasimama wote. Lakini mama hakuenda kwa magunia moja kwa moja. Alisimama kando ya mstari wa chokaa, akautazama uwanja wote, ule alioujua kwa masikio tu. Akaniuliza chini chini, "Huyu Kinoti alikuwa akisimama wapi?" Nikamwonyesha upande wa kushoto, karibu na kona. Alitazama hapo kwa kitambo. Niliona ni swali la ajabu wakati kama huo.

Kisha akaenda kwenye magunia, akalitambua letu kwa ile mishono mibaya, akaanza kuvuta uzi.

"Mama Kendi, hapana!" Mzee mmoja alimshika kiondo. "Hiyo ni ya Timu."

"Timu iko wapi?" mama akasema. "Niitie. Ije yenyewe inikataze, nitarudi nyumbani."

Yule mzee aliachilia kiondo. Mzee M'Ikiara aligeuka akatazama milima. Mama akaendelea kuvuta, gunia likafunguka, na maji ya uozo yakamwagikia miguu yake.

Baba aliinuka pale alipokuwa amekaa. Hakuwahi kumpiga mama, lakini niliuona uso wake nikaogopa. Alitoa kisu mfukoni mwa koti. Akauweka mtungi wake katikati ya magoti na kuanza kuukata, kutoka kwenye mdomo kwenda pembeni, kuzunguka wote, ile plastiki ikilia. "Baba, usiukate!" nikapiga kelele. "Baba, utaupiga na nini?" Hakuna aliyeniambia ninyamaze. Ulipokuwa ndoo, aliuweka kando ya mama, akapiga magoti kwenye tope, na kuanza kutoa waru nzima kutoka kwa ile iliyooza. Wakachagua pamoja bila kutazamana. Kufikia jioni wanawake wengine walikuwa wamekuja na viondo vyao.

Usiku huo tulikula waru ya kuchemsha na chumvi. Nilitaka kukataa kwa heshima ya Timu, lakini tumbo halina timu. Baba alikula kiazi kimoja akatoka kwenda kwa ng'ombe. Mtungi ukawa wa kunyweshea ndama. Na baba hakuimba tena, si uwanjani, si kanisani. Jumapili alikaa nje akitazama njia mpaka giza liingie, mikono haijui ishike nini.

Kwa miaka mingi nilimchukia mama kidogo kwa ajili hiyo, nawaambia ukweli. Niliamini Timu ilikuwa ya baba na mama ndiye aliyeiua.

Baba alifariki nikiwa nimeshaolewa. Mvua zilipokuja nilienda nyumbani kumsaidia mama kupanda. Shamba lilikuwa limegawanywa, limebaki dogo, na kila hatua ya udongo ilikuwa na kazi yake. Mama alibeba mbegu, akavuka ukanda wa nyasi ulio kando ya njia, akaanzia ndani zaidi. Nyasi zile nilikuwa nimeziona hapo tangu nikiwa msichana. Siku zote nilidhani ni za mbuzi.

"Mama, umeruka mstari."

"Huo ni wa Timu," akasema. Hakuinua kichwa.

Nilisimama pale na jembe, nikakumbuka ile mishono midogo midogo ya uzi mwekundu, na mama akiuliza Kinoti alikuwa akisimama wapi. Katika nyumba ile kulikuwa na mashabiki wawili. Mmoja aliyekuwa na nafasi ya kwenda uwanjani alienda kila Jumapili. Mwingine alienda mara moja tu, kuzika, kwa sababu mtoto alikuwa akilia na hakuna mwingine aliyethubutu.

"Anza basi," mama akaniambia, "mvua haitatungoja."

Nikavuka zile nyasi taratibu, nisizikanyage, nikaanzia mstari wa pili.