Kitabu cha Baba yake Chao

Gundi yetu ilikuwa uji mzito wa unga wa ngano, na kufikia siku ya pili ulikuwa umeshachacha. Hata leo nikisikia harufu hiyo naiona meza ya nyumba yetu ya Mowlem, nami nimeinama juu yake nikifunga kitabu kwa karatasi ya kaki. Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Jarida moja la watoto lilikuwa na ukurasa wa wasomaji waliotaka kubadilishana vitabu walivyokwisha kusoma, nikapeleka jina langu, Ndunge, pamoja na sanduku la posta la ghala alikofanya kazi baba, maana sisi hatukuwa na letu. Jioni baba aliingia na kifurushi kwapani akaita, "Bi Posta, mzigo wako huu," na mama akacheka jikoni. Niliringa, wacha niseme tu. Ploti nzima, na vyumba vyake vyote vya wapangaji, hakukuwa na mtoto mwingine aliyeletewa kitu na posta.

Kifurushi cha vitabu kilisafirishwa kwa bei nafuu mradi kisiwe na barua ndani, na ncha zake ziliachwa wazi ili karani wa posta achungulie. Sisi tukajifanya wajanja. Chao wa Wundanyi, rafiki yangu wa kwanza wa vitabu, alibandika barua yake katikati ya kurasa kwa tone la gundi, ndani kabisa kwenye mshono, isidondoke hata karani akikitikisa kitabu. Kila mara alibadilisha ukurasa. Ilibidi usome ndipo uikute, na mimi nilipenda mchezo huo kuliko hata hadithi zenyewe.

Likizo moja akaniletea kitabu kikuukuu, herufi ndogo kama mchanga, picha hakuna, jalada limeshonwa kwa uzi mweusi. Nilisoma kurasa mbili nikachoka. Nikakitikisa, hakikutoa kitu, nikajiambia safari hii hakuandika, ingawa nilijua fika kwamba barua za Chao hazidondoki. Wiki hiyohiyo Nafula, msomaji mwingine wa huko Kitale, akaandika kwamba ana kitabu cha upelelezi na yuko tayari kukibadilisha na chochote. Nikampelekea kile cha Chao. Halafu nikamwandikia Chao: "Kitabu chako ni kitamu ajabu. Nimekimaliza kwa siku mbili." Sikuona ubaya wowote. Kubadilishana si kubadilishana?

Jibu lake lilikuwa fupi. "Nimefurahi umekimaliza. Basi barua yangu uliiona. Kama nilivyokueleza humo, hicho si cha kubadilishana, ni cha marehemu baba. Alikishona mwenyewe, na jina lake ameliandika ndani. Nilitaka tu wewe ukisome. Tafadhali kirudishe kabla shule hazijafunguliwa, mama hajui kama nimekitoa."

Nilinyong'onyea. Kumwomba Nafula anirudishie kungehitaji karatasi moja tu, lakini niliona haya, eti ataniona mshamba asiyejua alichokitoa. Na kumwambia Chao ukweli kulimaanisha kukiri kwamba sikusoma. Nikachagua uongo. "Nimeshakituma kwako," nikaandika, "labda posta wamekipoteza." Nikampa baba bahasha ile kwa mkono wangu, naye akaiweka kwenye mfuko wa koti kwa uangalifu, kama alivyofanya siku zote.

"Ndunge, mbona unachezea chakula?" mama aliuliza. "Umegombana na nani?"

"Sijagombana na mtu, mama."

Chao hakukasirika, na hilo ndilo lililonimaliza. "Pole kwa usumbufu," aliandika. "Mama amejua sasa. Kila Jumamosi tunateremka posta kuulizia, lakini wanasema bado." Yeye ndiye aliyenipa pole mimi. Barua hiyo sikuijibu.

Shule zilipofunguliwa, baba akaingia na kifurushi kikubwa. "Leo Bi Posta umebarikiwa," akasema, akasimama pale apate kuona nikikifungua. Vilikuwa vitabu vyangu vinne, vyote nilivyowahi kumpelekea Chao, vimefungwa vizuri kuliko nilivyojua kufunga mimi. Juu yake palikuwa na kikaratasi: "Kitabu cha baba kimefika. Nafula aliikuta barua, akakituma kwetu." Basi. Baba alipoondoka nilifungua vile vinne ukurasa mmoja mmoja, nikipapasa kila mshono kwa kidole. Hakukuwa na tone la gundi popote.

Siku hizi binti yangu huandikiana na wenzake kwa simu, na simu yenyewe humwambia kama ujumbe umesomwa. Hawezi kudanganya kama nilivyodanganya mimi. Mwaka jana tulipokuwa tunahama alinikuta nimekaa sakafuni na vile vitabu vinne, navipapasa mishono tena, mtu mzima mimi. Akaniuliza natafuta nini. Nikamsimulia yote, mara ya kwanza kumsimulia mtu yeyote, na aibu ikanipanda usoni kana kwamba yalitokea jana. Alinisikiliza mpaka mwisho. "Sasa mama," akasema, "kwani anwani yake ilikupotea?"

Haikupotea. Naijua mpaka leo, namba ya sanduku na yote.