Jozi Thelathini na Mbili

Hospitalini walimwita Mama Jozi, na wageni wengi walimuuliza huyo Jozi anasoma darasa la ngapi. Hakuwa na mtoto wa jina hilo. Alikuwa na mabinti wawili walioolewa, mume mshona nguo, na kadi ngumu ya rangi ya maziwa aliyoitunza kwenye mfuko wa koti lake la kazi kama wenzake wanavyotunza miwani.

Kadi ndiyo iliyompa jina. Yeye alikuwa fundi wa kompyuta, na kila baada ya miaka miwili mfumo wa wagonjwa ulipewa cheti kipya cha usalama. Hicho ndicho kompyuta kuu hujitambulisha nacho kwa zile za mezani, ili karani asije akajaza siri za wagonjwa kwenye ukurasa wa tapeli. Kivinjari, ile programu ya kufungulia kurasa, kisipokijua cheti hutoa ukurasa mwekundu wa onyo. Kwa hiyo cheti kilipaswa kuwekwa katika kila kompyuta, moja baada ya nyingine, na zilikuwa sitini na moja, baadhi kuukuu kiasi kwamba ukiziwasha unapata muda wa kwenda kunawa mikono na kurudi.

Kila cheti kina alama yake, kama ya kidole: herufi na tarakimu mbili mbili, jozi thelathini na mbili. Mama Jozi aliingia chumba cha kompyuta kuu, akaikopi alama hiyo kwenye kadi kwa mkono wake, kisha akazunguka meza kwa meza. Mwenye meza alisoma kwenye skrini, yeye akafuata kwenye kadi.

"Nne A."

"Ndiyo."

"Tisa C."

"Ndiyo."

"Sifuri saba. Jamani, Mama Jozi, zote hizi?"

"Zote. Endelea."

Zikilingana mpaka ya mwisho, ndipo alipomruhusu mtu abonyeze kitufe cha kukiamini cheti. Kazi yenyewe haikuzidi dakika tano, lakini ukiongeza salamu, habari za mtoto aliyekuwa akikohoa na malalamiko ya kiti kilichovunjika mguu, ilifika nusu saa. Aliipenda sana hiyo nusu saa. Zipo furaha ndogo kiasi kwamba wengine huzikanyaga bila kujua wamekanyaga kitu, na yake ilikuwa mojawapo.

Mwaka huo kitengo kilipata mkuu mpya, kijana mwenye akili nyepesi na mwendo wa kukimbia. Jumatano asubuhi alimwita ofisini.

"Mama, cheti cha zamani kinakwisha keshokutwa Ijumaa saa sita mchana. Hii ya kuzunguka na kadi tuiache. Nimetuma faili kwenye kundi la wafanyakazi, na picha za kila hatua. Kila mtu ajiwekee mwenyewe."

"Na alama, mkuu? Nani atazisoma?"

"Za nini, mama? Faili limetoka kwangu." Akatabasamu. "Halafu Jumatatu nitakuomba uhamie stoo. Kuna printa mbovu kama hamsini, zinahitaji mtu mtulivu."

Alilitamka neno mtulivu kwa adabu kabisa, na hilo ndilo lililomchoma. Stoo ilikuwa nyuma ya chumba cha kufulia. Haikuwa na dirisha wala mtu wa kusomeana naye chochote.

Jioni alimweleza mumewe, aliyekuwa akitia uzi kwenye sindano.

"Printa nazo huwa zinaongea," mume alisema. "Zikikwama karatasi zinapiga kelele kuliko mimi."

"Wewe cheka tu."

"Sicheki. Lete kadi tuihakiki kama kawaida."

Hiyo ilikuwa desturi yao. Alama ya cheti kipya alikuwa amekwisha kuikopi kwa mkono, na makosa ya mkono aliyajua, kwa hiyo mume aliisoma kutoka karatasi iliyochapwa na kompyuta kuu, naye akafuata kwenye kadi. Mume hakuelewa cheti ni mdudu gani. Lakini kwake hakuna kitambaa kinachokatwa kabla ya kupimwa mara mbili, na jambo hilo halikuhitaji kuelezwa katika nyumba ile. Jozi thelathini na mbili zililingana.

Alhamisi, karani wa mapokezi alimpigia simu. Huyu hospitali nzima ilimwita Shangazi, hata madaktari waliomzidi umri.

"Mama Jozi, mbona hujafika kwangu? Nimebaki mimi tu. Wenzangu wamejiwekea cheti kama wanaojipakulia wali."

"Nimezuiwa, Shangazi. Si mmetumiwa faili?"

"Nimelifungua. Sasa nitaamini kitu ambacho sijasomewa? Njoo na kadi yako, na usinibabaishe."

Alikwenda saa ya mapumziko, ili asiambiwe ameiba muda wa kazi. Shangazi alivaa miwani, akasogeza uso kwenye skrini.

"B mbili."

Mama Jozi aliigeuza kadi, akaigeuza tena.

"B mbili, nimesema. Umelala?"

"Rudia, Shangazi."

"B mbili, saba moja, D tano. Sasa uso huo wa nini? Nani kafa?"

Kwenye kadi jozi ya kwanza ilikuwa nne A. Hakuna hata moja iliyofanana. Mama Jozi aliketi kwenye kiti cha wagonjwa. Alijua haraka ni kitu gani: miezi miwili nyuma mkuu alitengeneza kompyuta ya majaribio ofisini kwake, akaipa cheti chake, na mafaili ya vyeti vile viwili yalikuwa na majina yanayokaribiana kama mapacha. Kijana ametuma la majaribio. Kwa kuwa cheti cha zamani kilikuwa bado hai, hakuna aliyeona tofauti.

Alimwekea Shangazi cheti chenyewe kutoka kwenye flashi yake, wakasoma zote, kisha akaenda kwa mkuu. Alimkuta mlangoni akiwahi kikao.

"Mkuu, lile faili silo. Alama haziendani."

"Mama, umekopi kwa mkono. Macho nayo yanachoka." Akamgusa bega, akaondoka.

Macho yanachoka, kweli. Ijumaa alfajiri, kabla mtu yeyote hajafika, alirudi chumba cha kompyuta kuu na kuikopi alama upya kwenye kadi nyingine. Ilikuwa ile ile. Roho ikamtulia. Akamwandikia mkuu ujumbe, haukujibiwa. Akapita maofisini, lakini wengi walimpungia mkono tu: "Tumeshaweka, Mama Jozi! Katoa mkuu mwenyewe!" Ni maabara na wodi ya watoto waliomkaribisha, maabara kwa sababu ya kazi yao ya kupima kila kitu mara mbili, wodi ya watoto kwa sababu walikuwa hawajapiga naye soga wiki nzima.

Saa sita ikafika, kompyuta kuu ikaanza kutumia cheti kipya. Kompyuta hamsini na nane zikawa nyekundu kwa pamoja. Watu walizoea kuubeza ukurasa ule kwa kubonyeza "endelea hata hivyo", ila safari hii kitufe hicho hakikuwapo. Ulinzi wa mfumo, uliokazwa mwaka huo, haukuruhusu. Duka la dawa likasimama. Kliniki ya macho ikasimama. Foleni zote zikageuka, zikamiminika kwenye dirisha moja.

"Jipangeni vizuri," Shangazi alikuwa akisema, ameketi kama bibi harusi. "Mimi ndiye hospitali leo."

Mkuu alimkuta Mama Jozi hapo hapo, akimsaidia Shangazi kupanga mafaili. Shati lilikuwa limemganda mgongoni.

"Mama, nilituma la majaribio. Ujumbe wako nimeuona sasa hivi. Nisamehe."

"Yamepita, mwanangu. Tunaanza wapi?"

"Duka la dawa. Nipe flashi, nita..." Akasita. "Hapana. Twende wote. Nitasoma mimi, wewe shika kadi."

Walianza duka la dawa. Mkuu alisoma kwa kasi, kama anayefukuzwa, na kufika jozi ya kumi na mbili akainua kichwa. "Nyingine tuseme zinalingana tu, mama. Foleni ile."

"Soma," alisema Mama Jozi.

Akasoma. Meza ya tano alianza kusoma taratibu, na ya tisa karani wa kliniki ya macho akamsimulia habari za mwanawe aliyeota jino, naye akasikiliza mpaka mwisho. Ilipofika saa kumi na moja, kompyuta zilizobaki zilikuwa kumi na saba, na mkuu akasema watamalizia Jumatatu.

"Jumatatu mimi niko stoo," Mama Jozi alimkumbusha.

"Stoo gani? Lete kadi yako hapa saa mbili kamili." Akafikiri kidogo. "Na ile nyingine uliyokopi alfajiri, naiomba. Niwe nayo mfukoni."

Akampa. Nyumbani mume alikuwa akikunja suruali ya mteja. Hakuuliza habari za kazi. Alimtazama usoni mara moja, akavuta kiti cha pili karibu na cherehani.