Mfupa Uliotazama Mlima

Nilipokuwa mtoto wa darasa la tatu, nilikuwa na dawa ya fimbo ya mwalimu, na watoto wote wa kijiji walinifuata kama kuku wanavyomfuata mwenye mahindi. Nasema bila haya. Mimi ni mtu wa kutia chumvi. Pale soko la Kagio ukiuliza ni nani aliyemfukuza kiboko mtoni kwa gunia tupu, watakuonyesha kibanda changu cha vitunguu. Lakini haya ya leo hayana chumvi.

Dawa yenyewe ilikuwa mfupa. Niliupata korongoni nyuma ya shamba letu, mahali mvua ilipokata ukuta wa udongo, chini ya tabaka la majivu. Ulikuwa mzito kuliko mfupa wowote wa ng'ombe, rangi yake kama chai ya rangi, na kichwa chake kilikuwa mviringo kama ngumi mbili za mtu mzima. Niliulamba, maana mtoto hulamba kila kitu, ukanishika ulimi. Nikajua uko hai! Nikaukwaruza kwa kipande cha panga, nikapata unga, nikajipaka viganjani. Siku ile nilichapwa sita na sikulia.

Cucu, yaani mama yake baba, aliniona nikiingia nao. Mimi ni kifungua mimba na nimepewa jina la babu, kwa hivyo aliniita mume wake na kunidai ugoro mbele ya watu.

"Mume wangu, hiyo mfupa ni ya nani?"

"Ni yangu, Cucu. Nimeokota."

"Sijauliza nani ameokota. Nauliza ni ya nani."

Hapo akaacha mzaha.

"Watu wetu wa zamani si wote walizikwa. Wengine waliachwa huko msituni. Sasa wewe hujui mwenye hii, na unaileta kwa nyumba iko na watoto? Ni thahu hiyo. Rudisha leo."

Thahu ni uchafu ambao sabuni haiutoi. Nikaitikia ndiyo, ndiyo, kisha nikauficha mfupa chini ya kitanda nilicholala na mdogo wangu Muriuki.

Muriuki alikuwa na miaka minne. Wiki ile ile alishikwa na surua, macho mekundu, mwili moto kama sufuria. Mama alimpeleka zahanati akarudi naye mgongoni. Jioni, Mama alipokwenda kukata nyasi za ng'ombe, niliachwa naye. Nikawaza: unga uliozuia fimbo utashindwa na homa? Nikaukwaruza mfupa kwa nguvu zangu zote, mistari mirefu, nikakoroga unga kwenye kikombe cha maji.

"Kunywa. Ni dawa ya wanaume."

Alikunywa, akapumzika, akanywa tena mpaka mwisho. "Sasa sitachapwa?" akauliza.

"Hata mwalimu atakuogopa."

Alikufa asubuhi yake, ng'ombe hawajakamuliwa.

Cucu aliuona mfupa alipokuwa akitoa matandiko ya Muriuki nje. Hakunipiga. Alinishika mkono mpaka korongoni.

"Ilikuwa imelala aje?"

"Kwa ubavu. Kichwa ikiangalia Kirinyaga."

"Iweke hivyo hivyo."

Niliulaza, uso wake mlimani. Akanitazama. "Ulimpa?" Nikatikisa kichwa kukubali. Akasema, "Utamwambia mama yako wewe mwenyewe. Mimi sitakusaidia." Masika yaliyofuata, ukuta uliporomoka ukaufunika. Cucu naye akafa kabla sijamwambia Mama, na mimi nikaendelea kusimulia habari za kiboko.

Majuzi watafiti wa visukuku, yaani mifupa iliyogeuka mawe, walikuja kuchimba lile korongo. Kiongozi wao ni mama mmoja wa makamo. Vijana wetu walimwita Daktari. Alitueleza kwamba majivu yale ni ya mlima wetu, ulipokuwa ukitema moto, na kilicho chini yake ni cha zamani zaidi. Wakaufikia mfupa wangu. Daktari akaugusisha ulimi, mbele ya watu wazima! Mfupa wa namna hiyo una vitundu vingi vidogo, akasema, vinanyonya mate. Kumbe.

Halafu akaona mistari. Akaugeuza mfupa juani, sauti yake ikashuka.

"Hizi ni alama za kukata. Kama ni watu wa kale waliokata nyama kwa mawe, mfupa huu utazungumziwa mbali sana."

"Ati tutakuwa kwa vitabu!" kijana mmoja akapiga mbinja. "Mzee, tutajengewa hoteli hapa!"

Mdomo wangu ulijua kazi yake. Neno dogo tu la kukubali, na kijiji kingekuwa na jina. Lakini nyuma yangu alisimama Mama na bakora yake. Nikinyamaza, uongo wangu ungeandikwa. Nikisema, Mama angesikia.

"Daktari, hizo ni za panga. Ni mimi."

"Kwa nini uliukwaruza?"

Nikasema yote, macho yangu kwenye udongo. Kisha bakora ya Mama ikasogea.

"Ulimpa na maji ama kavu?"

"Na maji, Mama. Kikombe kizima."

"Akamaliza?"

"Akamaliza."

Akavuta pumzi. "Kwangu alikuwa amekataa kunywa siku mbili. Miaka hii yote nimejua alienda na kiu."

Daktari aliandika kwenye daftari lake: uliguswa, ukarudishwa. Hoteli haikujengwa, na vijana wengine hawanisalimu. Surua ndiyo iliyomchukua Muriuki, hilo nalijua. Thahu nayo naijua, maana niliibeba tangu darasa la tatu, na niliisikia ikinitoka pale korongoni, Mama alipouliza kama alimaliza.