Neno Moja Kwenye Simu ya Ubalozi

Mwandishi wa barua za ubalozi alikuwa amekalia meza moja miaka ishirini na miwili. Barua zake zilipigwa muhuri, zikapelekwa wizara ya nchi jirani kwa gari lenye bendera. Mabalozi walikuja wakaondoka, yeye yupo. Kisha akaajiriwa binti wa kuandika matangazo mitandaoni, waliyempachika jina Vidole kwa kasi yake ya kuchapa. Balozi akaanza kuzungumza na wenzake kwenye kundi la simu, na kila asubuhi akiingia huuliza, "Vidole yuko wapi?"

Swali hilo lilimkera mwandishi mpaka rohoni.

"Katoto ka juzi tu!" alimwambia mkewe. "Hata kukunja barua hajui."

"Wivu huo, baba," mkewe akacheka.

"Mimi? Nimwonee wivu yule?"

Siku ya tatu ya malori kukwama mpakani, mabalozi wa nchi hizo mbili walielewana kwenye simu kwamba yapite. Vidole akamletea simu. "Shikamoo mzee. Nisomee kabla sijatangaza."

*Tumewaruhusu majirani zetu kupitisha malori.*

Kosa akaliona papo hapo. Tumewaruhusu! Kana kwamba wenzao ni watoto walioomba kwenda kucheza. Lilipaswa kuwa *tumekubaliana*. Ulimi ulimwasha, lakini akarudisha simu.

"Tuma tu. Mtaalamu si wewe?"

Kabla ya adhuhuri, waziri wa jirani alijibu hadharani kwamba nchi yake haimwombi mtu ruhusa. Geti la mpakani likafungwa upya. Vidole akaitwa, akafokewa mlango ukiwa wazi. Mwandishi alisubiri raha imjie. Ikaja, ila haikukaa, maana alimsikia binti akisema, "Kosa ni langu, mheshimiwa." Hakumtaja mwandishi. Yaani hata kwa uungwana amemzidi!

Mwandishi akaingia bila kubisha hodi. "Mheshimiwa, alinionyesha. Nikaliona kosa, nikanyamaza."

"Kwa nini?"

"Roho mbaya tu."

Balozi alimkazia macho, kisha akamsukumia kiti. "Andikeni nyote wawili. Sasa hivi."

Mwandishi akapanga maneno. Vidole akayatuma kwanza kimyakimya kwa msaidizi wa waziri, ayapitishe kabla hayajatangazwa. Mwandishi asingelifikiria hilo, na lilimuuma.

Jioni malori yakaanza kupita. Balozi akatoka ofisini anang'aa. "Vidole, hongera!"

"Tulikuwa wawili, mheshimiwa."

"Najua, najua," akajibu, macho yakiwa kwenye simu.

Mwandishi akaifunga droo yake kwa kishindo.